Kilo Moja ya Chumvi kwa Kila Nyumba

Katika nchi ile ambayo saa zote za ofisi zimesimamishwa kwenye saa moja na nusu asubuhi, ili asionekane mtu aliyechelewa kazini, Kiongozi Mkuu aliamka siku moja akasikia kitu kifuani. Hakikuuma. Kilikuwa kama mtu aliyekaa chumba cha pili, hasemi, haondoki. Aliwaita walinzi wake mia mbili na kumi, wakakitafuta chini ya kitanda, wasikione.

Daktari wa kwanza alisema ni gesi. Akahamishiwa mpakani. Daktari wa pili, aliyekuwa na mazoea ya kusoma uso wa mgonjwa kabla ya kusoma vipimo, alisema ni upweke. Hapo wakubwa wote wakaafiki, maana gesi ingeisha kwa kikombe cha tangawizi, lakini upweke ulihitaji taasisi.

Haikupita muda, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Upweke, Huruma na Afya ya Akili ikapata jengo, bendera, wimbo wake na mkurugenzi, Profesa Tumsime, mtu mwenye sauti ya kubembelezea watoto. Siku ya uzinduzi alipanda jukwaani akasema:

"Ndugu wananchi, upweke ni adui. Lakini hatuwezi kumwondoa kabla hatujampima, na hatuwezi kumpima akiwa kidogo. Nawaomba mwe wavumilivu, tumpate wa kutosha."

Watu wakapiga makofi sana. Walikuwa wameletwa kwa malori kutoka wilaya mbalimbali, na hakuna aliyemjua aliyekaa pembeni yake.

*

Mzee Chilongola aliyasikia hayo kwenye redio, akiwa kwake Mtaa wa Nyuma ya Stesheni. Miaka thelathini na moja alikuwa mpiga kengele wa stesheni ile. Treni ikaondolewa, akaendelea kupiga kengele. Kisha kengele nayo ikachukuliwa kwenda makumbusho, akaambiwa sasa anaweza kupumzika. Mkewe, Nasikiwa, alifariki miaka mitatu baadaye. Toka hapo mzee hakuwa na huzuni ya kusema ni huzuni. Alikuwa kama mguu uliokaliwa kwa muda mrefu: upo, ni wako, lakini ukiubonyeza haukuambii kitu.

Kilichokuwa kikimwamsha kidogo ni chumvi.

Mtaa ule ulikuwa na desturi yake. Mtu hakuenda kwa jirani bila sababu, kwani ukibisha hodi ukasema umekuja kumtazama tu, mwenyeji ataanza kujiuliza ni nani aliyekufa. Basi watu walikwenda kuomba chumvi. Kila nyumba ilikuwa na chumvi, na kila mtu alijua kwamba kila nyumba ina chumvi. Unachukua kibakuli cha bati, unabisha, unaomba, unakaa. Ukirudi kwako unaimimina kwenye kopo lako, na kesho mwingine anakuja kukuomba ileile. Watu wazima wa mtaa walidai ipo chumvi pale iliyozunguka tangu wakati wa mkoloni bila kuonja mchuzi.

Kwa Mzee Chilongola aliyekuwa akija ni Mama Siwema, jirani wa ukuta mmoja, mjane pia, msagaji wa karanga. Asubuhi mzee alisikia jiwe lake la kusagia kupitia ukutani, kru, kru, kru. Jiwe likinyamaza, alijua anaosha mikono. Halafu:

"Hodi, mzee."

"Karibu, Mama Siwema."

"Sikai mie. Chumvi tu."

Anakaa saa nzima.

"Jana nimemwota marehemu mkeo," atasema. "Ananiambia, huyo mume wangu siku hizi hafagii."

"Hivyo hivyo alivyokuwa. Mambo ya ndani anayapeleka nje."

"Lakini hujafagia."

"Sijafagia."

Basi. Wakati mwingine hayo ndiyo yote. Anainuka, anachota chumvi yake, anaondoka, na mzee anabaki na kitu cha kungojea mpaka kesho.

*

Wachaguzi wa Taasisi walifika mtaani na kikapu cha vizibo vya soda. Aliyetoa cheupe aliingia Kundi la Kutembelewa. Huyo angepata Afisa Huruma wa Kata, mara tatu kwa wiki, na sare. Aliyetoa cheusi aliingia Kundi la Kulinganishia: kwa miezi sita asitembelewe na mtu, wala yeye asitembelee, ili taifa lijue mtu anakuwaje akiachwa.

Mzee Chilongola alitoa cheusi.

"Na mimi nitapata nini?" aliuliza.

"Wewe hupati, mzee," alisema mchaguzi kwa upole. "Wewe unalinganishwa."

"Na huyu?" Akamwonyesha Mama Siwema, aliyekuwa amesimama na kibakuli chake.

Mchaguzi alitazama orodha. "Huyu hayumo kundi lolote. Huyu ni mazingira."

"Mazingira mimi?" alisema Mama Siwema. "Nimekaa hapa kabla ya huo mchicha ulioukanyaga, leo naitwa mazingira!"

Mchaguzi akahama mchicha, akaendelea kusoma masharti. Mgeni ni mtu yeyote aliyevuka kizingiti cha mwenzake. Atakayekwenda kinyume atakuwa ameharibu takwimu za nchi, na adhabu yake ni ileile ya kuharibu reli, ingawa reli ilishang'olewa. Palikuwa na msamaha kwa anayeona hawezi. Ajaze fomu ya kuthibitisha kwamba hana mtu duniani, na isainiwe na watu wawili wanaomfahamu kwa karibu.

Mama Siwema hakukubali. Aliandikiwa barua na mwalimu mstaafu, akauliza makao makuu: je, kuomba chumvi ni kutembelea? Swali lilikaliwa na kamati ya watu tisa kwa wiki tatu. Jibu lilikuja na mihuri minne. Kamati ilikuwa imebaini kwamba chumvi inapoombwa na mtu mwenye chumvi, kinachoombwa si chumvi. Na kwa kuwa haikubainika ni nini, ilikuwa salama kukipiga marufuku.

Siku ile alisimama barabarani, mbele ya mlango wa mzee, barua mkononi.

"Miezi sita tu, mzee."

"Miezi sita si kitu."

"Ufagie."

Akaenda zake. Mzee aliingia ndani, akaketi mahali alipokuwa akiketi siku zote. Kopo la chumvi lilikuwa mezani. Alilitazama kwa muda, kisha akalipeleka karibu na mlango, pale litakapokuwa rahisi kufikiwa siku yenyewe.

*

Kundi la Kulinganishia lilihitaji kukaguliwa kila siku, kuhakikisha halitembelewi. Mtaa ule ukapewa Bwana Kasembe, mtu wa makamo, viatu vimelika upande mmoja, begi la plastiki limejaa fomu.

"Shikamoo, mzee," alisema siku ya kwanza, akiwa nje ya kizingiti.

"Marahaba."

Kasembe akashtuka. "Samahani. Imenitoka. Mwongozo unasema nisikuamkie." Akarudi hadi barabarani, akageuka, akaja upya akiwa amekunja uso. "Jana umetembelewa?"

"Sikutembelewa."

"Upweke wako, kuanzia moja mpaka kumi?"

Mzee alifikiri. "Tisa."

"Tisa ya asubuhi au ya siku nzima?"

"Kuna tofauti?"

"Kuna safu mbili."

"Basi weka tisa zote mbili."

Kasembe aliandika. Kalamu ilikataa, akaipuliza, akaandika tena. Fomu ilikuwa na kurasa nane na jua lilikuwa kali, na kwa vile hakuruhusiwa kuvuka kizingiti, mzee alimsukumia ndoo kwa mguu. Kasembe aliifunika chini juu, akaikalia. Mzee akaketi upande wa ndani. Kati yao palikuwa na ubao wa kizingiti, upana wa viganja viwili, na hivyo utafiti haukuguswa.

Ikawa hivyo kila siku. Umetembelewa? Sikutembelewa. Moja mpaka kumi? Kasembe alikuwa mtumishi aliyehamishwa mara tisa. Aliwahi kuhesabu nyuki, akahesabu vyoo, akahesabu watu waliojitolea kwa hiari kuhamia bondeni. Kila alikopelekwa alipewa nyumba ya serikali, na kila alipoanza kumjua jirani mmoja, barua ilifika.

"Huna mke?" mzee alimuuliza siku moja.

"Nilikuwa naye. Nilihamishwa mimi. Barua yake ya uhamisho ilipotea."

"Ilipotea lini?"

"Mwaka wa kumi na moja huu."

Mzee hakusema pole. Neno hilo lilikuwa limehifadhiwa kwa Maafisa Huruma. Alimpitishia kikombe cha maji juu ya kizingiti, na Kasembe, baada ya kupekua mwongozo asione mahali maji yamekatazwa, akanywa.

Mwezi wa pili mzee alisema saba. Mwezi wa tatu, tano.

Mwezi wa nne jiwe la Mama Siwema lilinyamaza. Siku ya kwanza mzee alidhani karanga zimeadimika. Siku ya pili alisikia kikohozi. Siku ya tatu aliegemeza sikio ukutani akakaa hivyo mpaka Kasembe akabisha mara mbili.

"Jana umetembelewa?"

"Mama Siwema mzima?"

"Swali hilo halimo kwenye fomu, mzee."

"Najua halimo."

"Mimi nimepewa maswali ya kuuliza. Ya kujibu sikupewa."

Kasembe akajaza kurasa zake nane. Akafunga begi, akasimama, akaenda hatua nne, akasimama tena na kuanza kulitazama paa la stesheni kama analikagua.

"Nimepita pale," aliliambia paa. "Anakohoa, lakini anakohoa vizuri. Uji amekunywa. Ameuliza kama watu wanafagia."

Mzee alifagia siku ile. Juma lililofuata jiwe likaanza tena, polepole, kru, kisha kimya, kisha kru.

Mwezi wa sita alisema tatu. Kasembe aliinua macho. "Tatu?"

"Andika tatu. Zimebaki siku nne."

*

Siku ya mwisho ya utafiti Mzee Chilongola aliosha kopo la chumvi, akalianika, akalijaza tena. Alivaa shati la stesheni, lile la vifungo vya shaba. Alifungua mlango akaacha redio iseme, ili Mama Siwema naye asikie kutoka kwake kwamba sasa ruhusa.

Profesa Tumsime alikuwa uwanja wa taifa. Alisema matokeo yamezidi matarajio. Kundi la Kutembelewa lilikuwa limezorota vibaya. Maafisa Huruma walikuwa wameifanya kazi yao bila dosari: waliuliza maswali sitini na manne, wakamshika kila mlengwa bega la kushoto kwa sekunde saba, wakasema "pole kwa niaba ya serikali", wakachukua saini. Na bado wananchi wale walikonda. Watatu walipigilia milango misumari kwa ndani. Mmoja alikimbilia msituni, naye alipofuatwa na Afisa Huruma alipanda mti.

"Lakini Kundi la Kulinganishia, ndugu zangu, watu wasioonwa na yeyote isipokuwa mkaguzi, walianza na tisa, wakafika tatu! Sayansi imesema. Kinacholeta upweke ni wageni."

Uwanja ulilipuka kwa makofi. Hakuna aliyeuliza kuhusu ndoo, kwa kuwa ndoo haikuwa na safu kwenye fomu.

Kisha Kiongozi Mkuu mwenyewe akashika kipaza sauti. Alitangaza kwamba toka siku ile nchi nzima ni Kundi la Kulinganishia. Na kwa kuwa vyombo vyake vilimweleza kwamba wananchi hutumia chumvi kama kisingizio, kila nyumba ingepewa kilo moja ya chumvi kila mwezi, daima, asije mtu akamhitaji mwenzake.

"Raia wangu," alisema, sauti ikimtetemeka kwa upendo, "hamtasumbuana tena."

Aliporudi ikulu aliwaondoa walinzi wote mia mbili na kumi mlangoni pake, awe mfano. Inasemwa kile kitu kilihama chumba cha pili kikaja kukaa kitandani, lakini hilo halikutangazwa.

Mzee Chilongola alizima redio. Hakuumia. Alingoja aumie, kama mtu anavyongoja chafya, haikuja. Alivua shati la stesheni akalikunja. Ukutani palikuwa kimya.

*

Chumvi iliwasili na Kasembe, kwa mkokoteni. Mifuko ilikuwa na picha ya Kiongozi Mkuu akitabasamu peke yake, na chini yake maneno: CHUMVI YA KUJITOSHELEZA.

"Utafiti umekwisha, mzee," alisema, bila kukaa. "Sasa sikai tena. Kazi yangu ni kupita barabarani asubuhi, natazama milango, naandika. Saini hapa."

"Nasaini nini?"

"Kwamba huna shida na mtu."

Mzee alisaini.

"Na wewe, Kasembe, nani anakukagua?"

"Kila nyumba lazima ikaguliwe. Ya kwangu imepangiwa mimi." Akakunja fomu iliyosainiwa. "Asubuhi natoka nje, nasimama mlangoni, nauliza, jana umetembelewa? Naingia ndani, najibu. Kisha natoka, naandika."

"Unajibu nini?"

"Hapana. Huwa najibu upesi." Akaiinua mikono ya mkokoteni, akaishusha tena. "Ndoo yako ipo?"

"Ipo."

"Basi vizuri," alisema, akaenda.

Mfuko ulikaa mezani wiki nzima. Mzee alikula, alilala, alifagia. Kila alipogeuka alikutana na lile tabasamu. Alisikia jiwe upande wa pili, lakini sasa liliponyamaza hapakuwa na maana yoyote: ni mtu tu ameacha kusaga. Siku ya nane, jioni, alinyanyuka bila kujua anataka nini. Mikono ndiyo iliyojua. Ilichukua mfuko ikautoboa, ikaenda nyuma ya nyumba ikaumwaga wote chini. Kisha ikarudi, ikachukua kopo la zamani, lile la chumvi ya Nasikiwa, ikalikung'uta nalo mpaka likatoa sauti ya bati.

Sasa hakuwa na chumvi. Hakuwa na punje. Ilikuwa kweli, na angeweza kuisema mbele ya kamati ya watu tisa.

Asubuhi aliamshwa na mbuzi. Yule mkubwa wa mtaa, mwenye sikio moja, alikuwa nyuma ya nyumba akiramba ardhi kwa bidii. Mzee alichukua kibakuli cha bati, akavaa shati la vifungo vya shaba, akatoka. Faini, kifungo, adhabu ya reli, vyote alivipitia kichwani akavikuta vyepesi.

Kabla hajafika barabarani aliona kitu kilichomsimamisha. Nyuma ya nyumba ya Mama Siwema palikuwa na mbuzi wawili, vichwa chini, wanaramba. Nyuma ya nyumba ya mwalimu mstaafu, mmoja na kitoto chake. Aliangaza macho mtaa mzima mpaka mwisho wa reli iliyong'olewa. Nyuma ya kila nyumba palikuwa na mbuzi, na kila mbuzi alikuwa anaramba.

Mama Siwema alikuwa katikati ya barabara. Amepungua. Mkononi ana kibakuli.

"Nilikuwa nakuja kwako," alisema. "Chumvi tu."

"Sina. Nilikuwa nakuja kwako mie."

Mama Siwema akainamia kibakuli cha mzee, kitupu. Mzee akakitazama cha mwenzake, kitupu.

"Hata punje?" alisema.

"Hata punje."

"Mwanamume gani wewe, unakaa nyumbani huna chumvi!"

Milango mingine ikafunguka. Mwalimu mstaafu alitoka na kikombe, akawaona, akakificha mgongoni, akakitoa tena. Wengine wakafuata, sahani, vifuniko vya sufuria, kila mtu akimwendea mwenzake na kila mtu akiwa hana. Hakuna aliyecheka. Walisimama barabarani, karibu karibu, kama watu waliosahau walichotumwa.

Ndipo Kasembe alipotokea na begi lake. Aliwatazama, akavitazama vyombo, akawatazama mbuzi kwa muda mrefu kuliko yote. Akatoa fomu.

"Kuna aliyevuka kizingiti cha mwenzake?"

"Hakuna," alisema mzee. "Tumekutana njiani."

"Mnatafuta nini?"

"Chumvi."

"Serikali imewapa kilo."

"Imekwisha," alisema Mama Siwema.

"Yote? Mtaa mzima? Kwa wiki moja?"

"Tumepika," alisema mwalimu mstaafu, na mbuzi mwenye sikio moja akaja akasimama pembeni yake, akijiramba midomo.

Kasembe aliandika: *Wageni, hakuna.* Aliandika kwa makini, akapuliza wino. Kisha hakuondoka.

"Mimi ninayo," alisema, akiiambia fomu. "Watumishi tulipewa kilo mbili. Sijaifungua. Miji tisa nimekaa, sijawahi kuombwa."

Mzee Chilongola alikitazama kizingiti chake, akaitazama ile ndoo iliyofunikwa hapo nje. Kuna kitu kilimchoma chini ya mbavu, kama mguu unapoanza kurudiwa na damu, na haikuwa raha hata kidogo. Akanyoosha kibakuli.

"Basi tupe, baba."

"Haipo hapa. Iko nyumbani, ng'ambo ya reli."

"Tutakufuata," alisema Mama Siwema. "Hatukai sisi. Chumvi tu."

Kasembe akafunga begi lake. Zipu ilimshinda mara mbili. Akatangulia, nao wakamfuata na vyombo vyao vitupu, na mbuzi nyuma yao. Walipofika kwenye reli iliyong'olewa mzee alimsogelea.

"Kesho ukijiuliza, utajibu nini?"

Kasembe alivuka kwanza.

"Kesho," alisema, "itabidi niingie ndani nikafikiri kwanza."